Ugali Uliopanda Ndege

Mwaka jana kaka yangu na mkewe walitimiza miaka kumi ya ndoa. Walikuwa wameweka akiba kwa miaka miwili, wakaomba viza, wakapanda ndege hapa Kanombe usiku, wakashuka Brussels asubuhi. Walikaa huko siku nne, kisha wakaenda Italia: Milano, Bergamo na Venice. Mimi nilibaki Remera na watoto wao wawili, kwa maana naishi kwao tangu nilipoanza chuo. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ninaowapinga katika insha hii ndio wanaonilisha. Pesa walizotumia zilikuwa zao, na safari ile waliistahili. Wivu sina. Ninachopinga ni kilichotokea jikoni baada ya wao kurudi.

Walirudi na picha nyingi, na karibu nusu ya picha hizo zilikuwa za sahani. Wifi akatangaza kwamba kila Jumamosi tutapika chakula kimoja cha safari, ili safari isiishe. Wazo hilo nililipenda, na bado nalipenda. Jumamosi ya kwanza tulipika nyama ya ng'ombe iliyoiva polepole ndani ya bia nyeusi, kama wafanyavyo Wabelgiji, na chipsi pembeni. Watoto walilamba sahani. Jumamosi ya pili tulipika tambi kwa nyanya na vitunguu saumu. Jumamosi ya tatu ilikuwa ya wageni, wafanyakazi wenzake kaka, watu wanane. Wifi akatoa kwenye mfuko pakiti ya unga wa manjano aliyoinunua katika duka moja kubwa la mjini. Ilikuwa nusu kilo, na bei yake ingetosha kununua kilo nne za unga wa kawunga katika soko la Kimironko.

"Hii ndiyo polenta," alisema. "Tuliila Bergamo. Sijawahi kula kitu kama hiki."

Niliigeuza pakiti nikasoma nyuma. Unga wa mahindi, basi.

Niliagizwa nichemshe maji, nitie chumvi, nimimine unga kidogo kidogo huku nikisonga bila kuacha. Nilisonga dakika arobaini na tano, mkono ukaniuma. Kisha tukaona kwamba nusu kilo haitawatosha watu wanane na wenyeji wao. Wifi akafikiri kidogo, akasema kwamba upande wa Venice wanayo polenta nyeupe pia. Hilo ni kweli. Jimbo la Veneto lina mahindi yake meupe na polenta yake nyeupe. Basi akanionyesha ndoo ya unga wetu. Sufuria ya pili ikawa ya kawunga niliyoinunua mwenyewe Jumatano.

Tulizimwaga zote mbili juu ya ubao, tukazikata kwa uzi kama walivyoona huko, tukaweka jibini na mchuzi wa uyoga. Wageni walikula, wakasifu. Mmoja alisema ile nyeupe ni laini zaidi, akauliza inauzwa wapi. Wifi akajibu kwamba kuipata hapa Kigali ni shida. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birauli mkononi, nikatazama chini. Masalio nilimpelekea mlinzi wetu wa usiku pamoja na maharage. Alipomaliza akanirudishia sahani, akasema, "Dada, leo kawunga mmeipika vizuri sana."

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Nyumbani kwetu kawunga hupikwa siku za kazi, tukala mimi, dada wa kazi na mlinzi. Mezani kwa wageni haijawahi kufika. Kaka huwa anasema kwamba aliimaliza yote shule ya bweni, miaka sita, mchana na jioni, na maharage yenye wadudu. Walipokuwa Brussels walipita Matonge, mtaa wa Wakongo katika eneo la Ixelles, ambako maduka yanauza sombe, mihogo na unga wa fufu. Mwenyeji wao alitaka kuwaingiza mgahawani. Kaka alikataa. "Hatukuja Ulaya kula ugali," alimwambia. Siku chache baadaye walikuwa Bergamo wanakula ugali, na wakaupiga picha.

Wapo watakaosema kwamba nataka watu wa Remera wale vyakula vya mababu tu. Sivyo. Anayetafuta chakula kisichosafiri atalala njaa. Mahindi asili yake ni Mexico. Yalivuka Atlantiki baada ya safari za Columbus, yakaingia Italia katika karne ya 16, na Wareno wakayaleta katika pwani ya Afrika. Waitalia waliyaita nafaka ya Waturuki, granoturco, na hata leo wanayaita hivyo. Sisi Waswahili tukayaita mahindi, jina linaloelekeza Uhindi. Mgeni mmoja, na kila mtu akambandika asili isiyo yake. Viazi vilivyotulisha chipsi za Jumamosi ya kwanza vilitoka milima ya Andes. Maharage nayo yalitoka Amerika. Hata isambaza tunaowakaanga na kuwasifu kama samaki wa Kivu walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa humo. Kabla ya mahindi, babu zetu walisonga ugali wa mtama na wa ulezi, na Waroma wa kale walikuwa na uji wao mzito wa nafaka. Kusonga unga katika maji ya moto ni hekima ya watu wengi. Kwa hiyo sina vita na chakula kigeni. Nina vita na macho yanayouona unga uleule mara mbili, yakauita mmoja wa wafungwa na mwingine wa wageni.

Tena Bergamo wenyewe wana historia ambayo wasafiri wetu hawakurudi nayo. Polenta ilikuwa chakula cha maskini. Hadi leo mtu wa kusini mwa Italia akitaka kumdhihaki wa kaskazini humwita polentone, mla polenta. Na maskini hao iliwaua. Katika karne za 18 na 19 wakulima wa kaskazini walikula polenta asubuhi, mchana na jioni, bila nyama, maziwa wala mboga za kutosha. Ngozi zao zilipasuka, wakaharisha, wengine wakarukwa na akili, wakafa. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuita ugonjwa huo pellagra, kwa sababu ya ngozi iliyokwaruzika. Baadaye sana ikajulikana kwamba miili yao ilikosa niasini, vitamini iliyomo katika mahindi lakini imefungika hata mwili usiweze kuitwaa. Wenyeji wa Mexico dawa walikuwa nayo tangu kale: huyachemsha mahindi katika maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipanda meli, ujuzi huo ukaachwa bandarini.

Watu wa Bergamo walifanya nini walipopata nafuu ya maisha? Hawakuutupa ugali wao wala hawakuubadili jina ili uonekane wa nchi nyingine. Waliuongezea kilichopungua: jibini, siagi, nyama ya sungura, uyoga wa msituni. Waliuwekea chungu chake cha shaba na ubao wake. Wakatengeneza hata keki yenye umbo la bonge la ugali, ya manjano, na ndege wadogo wa chokoleti juu yake. Kaka anayo picha ya keki hiyo katika simu yake. Ndugu zangu, kuna watu duniani wanaotengeneza keki kuuheshimu ugali, na sisi tunaficha sufuria wageni wakibisha hodi!

Sasa nizijibu hoja tatu nilizoambiwa nilipoyasema haya nyumbani.

Ya kwanza ni kwamba polenta si kawunga. Unga wake ni wa chengachenga, rangi ni ya manjano, na huiva kwa muda mrefu. Nakubali. Lakini sufuria ya pili ilikuwa kawunga tupu, na ndiyo iliyosifiwa zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa dakika arobaini na tano za mkono wangu na uyoga uliokuwa juu yake. Kawunga ya shule hupikwa haraka katika masufuria makubwa kama mapipa, nusu ikiwa mbichi. Tukiipa muda na kitoweo tunaoupa ugali wa Bergamo, itaacha kuwa adhabu.

Ya pili ni ya kaka, nayo ina uzito. Anasema chakula kina kumbukumbu. Kila akiisikia harufu ya kawunga anarudi bwenini, kwenye baridi na foleni, na barua za nyumbani zisizofika. Hapa sitaki kuwa mwanafunzi mjuaji. Mtu aliyeshiba kwa lazima ana haki ya kuchoka. Ila namwuliza kaka hivi: yule mkulima wa zamani wa Bergamo, aliyemzika mtoto wake kwa sababu ya polenta, hakuwa na kumbukumbu? Wajukuu wake waliiponya kumbukumbu hiyo mezani, kwa kupika vizuri zaidi na kulitaja jina. Kaka ana watoto wawili. Wao hawajalala bwenini. Jumamosi ile waliila kawunga wakaomba tena, wakafundishwa kwamba ni chakula cha Italia. Siku watakapopewa kawunga shuleni, na watapewa, wataiangalia kwa dharau bila kujua kwamba ndicho walichoomba waongezwe.

Ya tatu ni kwamba hili ni jambo dogo, jina tu. Mimi ninayesoma Kiswahili nchini Rwanda siwezi kukubali kwamba jina ni jambo dogo. Nilipochagua somo hili wifi aliniuliza litanilisha nini. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya Biryogo, ya madereva wa malori na wauzaji wa sokoni. Lugha ya kumfokea mtu, isiyofaa kuandikiwa vitabu. Nilimkumbusha kwamba tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kwamba tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hakutikisika. Kisha akaenda Ubelgiji, akaambiwa na mwenyeji wao kwamba Chuo Kikuu cha Ghent kinafundisha Kiswahili. Jumamosi ile ya wageni alinitambulisha kwa sauti ya fahari: "Huyu anasoma Kiswahili. Hata Wabelgiji wanakisoma!" Mkononi mwangu nilikuwa na sahani ya polenta nyeupe. Nilijiona mimi na ile sahani tu ndugu: wote wawili tulikuwa tumesubiri Ulaya itupe ruhusa ya kuingia sebuleni.

Wifi si mtu mbaya. Alinipa chumba na ada, na nilipougua malaria alikesha nami. Kosa lake ni letu sote hapa mjini. Pitia Gisimenti jioni uone: tunalipia kwa furaha chochote chenye jina tusiloweza kulitamka. Wanafunzi wenzangu huagiza chipsi na brosheti wakiwa na mia chache mfukoni, wakaona aibu kuagiza kawunga na dodo iliyo nusu ya bei na yenye afya zaidi. Kisha tunalalamika kwamba utamaduni unapotea. Mkulima wa mahindi wa Nyagatare hawezi kuulizwa na mgeni wa Remera unga wake unauzwa wapi, maana sifa zake zimekwenda Venice.

Basi sisemi tuache kupika vyakula vya safari. Tuendelee, kila Jumamosi. Ila msafiri anayerudi na ladha arudi pia na adabu aliyoikuta huko, adabu ya watu kuweka mezani kinachoota karibu nao na kukiita kwa jina lake. Hiyo haihitaji viza wala pakiti ya nusu kilo.

Insha hii nimemsomea wifi kabla ya kuitoa. Alinyamaza kitambo, akacheka, kisha akakasirika kidogo. Akaniambia kama najua kusema hivyo, basi Jumamosi ijayo nipike mimi, na wageni watakuwa walewale wanane. Nimekubali. Nitanunua unga Kimironko, isambaza, dodo, parachichi na uyoga. Nitasonga dakika arobaini na tano, maana hilo Bergamo wametufundisha vizuri. Ubao na uzi nitavitumia pia. Na yule mgeni akiuliza tena ile nyeupe inauzwa wapi, nitamwandikia kwenye karatasi: kawunga, soko la Kimironko, kila siku.