Kompyuta, Kura na Dhamiri ya Mtaalamu



Kila uchaguzi unapokaribia, Tume yetu ya Haki na Amani huletewa swali lile lile: je, kompyuta itatuokoa na wizi wa kura, au ndiyo itakayotumika kuiba? Wanaouliza ni watu wenye akili timamu, wengine walimu, wengine wauza mboga sokoni, na wasiwasi wao una sababu. Hata hivyo twaona swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Nyuma ya kompyuta yupo aliyeiandikia programu, yupo aliyeinunua, yupo anayeshika ufunguo wa chumba ilimowekwa. Tukiishia kuuliza habari za chombo, watu hao watakaa kivulini na hatutawaona kamwe.

Wazee wetu wanaukumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988. Katika mchujo ule hapakuwa na kompyuta wala karatasi ya kura. Watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya wagombea wao au mawakala wao, wakahesabiwa kama mbuzi, na bado mahali pengi mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu ulipopendekezwa mwaka 1986. Kila jicho liliona hesabu ya kweli, lakini watu walipotawanyika kwenda makwao hapakubaki kitu cha kuonyesha. Macho ya watu elfu moja hayakushinda kauli ya ofisa mmoja.

Desemba 2007 karatasi zilikuwepo, nasi twajua yaliyofuata. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilipochunguza, mwaka 2008, ilisema kwamba hesabu zilikuwa zimechafuliwa kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Hapo ndipo taifa lilipoanza kuitumainia mitambo. Tulikuwa tumechinjana kwa sababu ya tarakimu, na tukadhani mashine isiyo na kabila itazitunza tarakimu hizo kwa uaminifu kuliko sisi.

Tumaini hilo lilijaribiwa Machi 2013. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika mahali pengi, vingine kwa kukosa umeme katika madarasa ambayo hayajawahi kuwa na waya. Mfumo wa kupeleka matokeo ulikwama. Kwa siku kadhaa taifa zima lilitazama kwenye runinga idadi kubwa mno ya kura zilizoharibika, mpaka Tume ya Uchaguzi ikaeleza kwamba programu ilikuwa na kosa, nayo ilizizidisha kura hizo mara nane. Mara nane! Mtoto wa darasa la tatu angepigwa kalamu nyekundu.

Tulimwuliza habari hiyo mtaalamu mmoja wa kompyuta, muumini wa parokia jirani, kijana ambaye siku sita za juma hutengeneza mitambo ya watu wakubwa, na ya saba hutengeneza simu ya katekista. Hakushangaa hata kidogo. "Padre," alisema, "kosa katika programu ni kama mbu. Huwezi kuapa kwamba hayumo chumbani. Unachoweza ni kufunga chandarua." Chandarua, kwa maelezo yake, ni kitu kilicho nje ya kompyuta ambacho mtu yeyote anaweza kukilinganisha na yale iliyosema kompyuta.

Basi chandarua chetu ni Fomu 34A. Kura za rais zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo huziandika katika fomu hiyo, mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni, na picha yake hutumwa kwa kifaa cha kielektroniki. Jumla ya fomu za vituo huandikwa katika Fomu 34B kwenye jimbo la uchaguzi, na jumla ya taifa katika Fomu 34C. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa jimboni ni ya mwisho, na kwamba ofisi ya Nairobi haina ruhusa ya kuyabadili. Uamuzi ule ulistahili kusomwa katika kila jumuiya, maana ulirudisha mamlaka kwenye mlango wa darasa ambako mama muuza samaki anaweza kusimama akasoma.

Lakini sheria ni jambo moja, na mwenendo wa watu ni jambo lingine. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 kulikuwa na vituo 40,883, na Tume yenyewe ilisema kwamba zaidi ya 11,000 kati yake havikufikiwa na mtandao wa simu wenye nguvu ya kutosha. Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti kabla Tume haijapokea Fomu 34A zote. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru seva zifunguliwe ili zitazamwe tu, pasipo kuguswa, mbele ya wataalamu walioteuliwa na Mahakama. Tume ilitoa sehemu ndogo ya kilichotakiwa, ikadai kwamba inahofia usalama wa mfumo. Isitoshe, Fomu 34C, karatasi iliyobeba urais wa taifa zima, ilionekana haina alama ya maji wala nambari ya mfululizo.

Tarehe 1 Septemba 2017, kwa sauti nne dhidi ya mbili, Mahakama ilibatilisha uchaguzi wa rais. Hoja yake kuhusu seva yafaa kukumbukwa. Majaji walio wengi walisema kwamba kukataa kule kunatuachia maelezo machache tu: ama mfumo uliingiliwa na watu wa nje, ama maofisa wenyewe walizichezea taarifa, ama Tume haikutaka kukiri kwamba kazi ya kupeleka matokeo iliiharibikia. Mahakama haikusema nani alishinda. Ilisema kwamba anayekabidhiwa mali ya watu akakataa kuihesabu mbele yao hawezi kudai kwamba wamwamini. Twaliona neno hilo ni la haki, hata kwa wale ambao mgombea wao ndiye aliyepoteza ushindi siku ile. Kusimamia mtambo wa umma ni uwakili, na wakili hudaiwa hesabu.

Hapa hatuna budi kumtaja Christopher Msando. Huyu alikuwa msimamizi wa kompyuta katika Tume ya Uchaguzi mwaka ule wa 2017. Alikuwa akitokea kwenye runinga akiwaeleza wananchi, kwa lugha nyepesi, jinsi mfumo utakavyofanya kazi na utakavyolindwa. Mwishoni mwa Julai, siku chache tu kabla ya uchaguzi, mwili wake ulipatikana nje kidogo ya Nairobi ukiwa na alama za mateso. Pamoja naye aliuawa msichana mmoja, ambaye watu wengi hawamtaji kabisa, kana kwamba uhai wake ulikuwa nyongeza tu ya habari. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Hatujui waliomwua walitaka nini kwake, wala hatutabuni. Twajua tu kwamba mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta aliuawa katika kazi ambayo wengi wetu hudhani ni ya mezani, safi na isiyo na hatari. Tangu wakati huo tumekutana na vijana waliosoma taaluma hiyo ambao hawataki kabisa kuikaribia kazi ya uchaguzi. Wazazi wao huwaambia, "Mwanangu, tengeneza kompyuta za benki." Hatuwezi kuwalaumu wazazi hao. Lakini waaminifu wakijitenga, kiti kile hakitabaki wazi.

Mwaka 2022 lilifanyika jambo ambalo twalihesabu kuwa hatua ya kweli. Tume iliweka picha za Fomu 34A za vituo vyote, ambavyo vilikuwa 46,229, katika tovuti iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi angeweza kuzichukua akajumlisha. Vijana wengi walifanya hivyo usiku kucha. Hakuna mashine mpya iliyoleta badiliko hilo. Watu waliamua tu kuufungua mlango uliokuwa umefungwa miaka mitano kabla. Mitambo yenyewe iliendelea kukwama hapa na pale, na katika vituo 235 ilibidi warudie daftari la karatasi. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo kwenye mkutano na waandishi wa habari. Lakini safari hii palikuwa na kitu cha kulinganisha, na Mahakama ya Juu ilipolinganisha fomu za asili na zile za kwenye tovuti, iliona hazitofautiani. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote kwa pamoja waliyakubali matokeo.

Katika kesi hiyo hiyo kuna jambo lililotuhuzunisha kuliko mengine. Mahakama ililetewa hati za kiapo zenye kumbukumbu za kompyuta, zikidaiwa kuthibitisha kwamba fomu zilibadilishwa njiani. Zilipochunguzwa, majaji walisema baadhi zilikuwa za uchaguzi wa 2017, na nyingine zilikuwa za kughushi. Jaribuni kufikiri maana yake. Mganga akidanganya, mgonjwa huhisi mwilini mwake. Fundi wa nyumba akidanganya, ukuta hupasuka. Lakini mtaalamu wa kompyuta anapoapa kwa uongo mbele ya watu wasioelewa lugha yake, ni wachache sana wanaoweza kumpinga, na wakati huo mitaani watu wameshaanza kuokota mawe. Twasema waziwazi kwa vijana wetu wa taaluma hii: aliyefunga seva mwaka 2017 na aliyeghushi kumbukumbu mwaka 2022 ni ndugu wa tumbo moja, hata kama walitumikia kambi zinazochukiana.

Wapo pia wanaoteseka kwa kufungua milango. Mei 2025 mwanadada mtengenezaji wa programu, Rose Njeri, alitengeneza tovuti ndogo iliyomsaidia mwananchi kutuma barua pepe kwa kamati ya Bunge kueleza pingamizi lake kwa Mswada wa Fedha. Katiba yetu, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Yeye aliwapa kalamu na bahasha. Alikamatwa tarehe 30 Mei, akapitishiwa sikukuu ya Madaraka korokoroni, kisha akashtakiwa chini ya sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta kwamba ameingilia mtambo pasipo ruhusa. Tarehe 20 Juni hakimu aliitupilia mbali kesi hiyo kwa kuwa mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Twashukuru kwa hukumu hiyo, lakini usiku aliolala ndani haurudishwi na hukumu. Kama barua za wananchi zilijaa mno katika sanduku la Bunge, la kufanya lilikuwa kuongeza wasomaji.

Wengine watatuambia kwamba mapadre tulifundishwa falsafa na Kilatini, tuwaachie wenye kompyuta kompyuta zao. Twajibu kwamba hatuna neno la kuwafundisha juu ya nyaya. Swali la nani ashike ufunguo, nani aruhusiwe kutazama, na nani atamtetea mnyofu akiandamwa, hilo ni letu sote.

Twaelekea uchaguzi uliopangwa kufanyika Agosti 2027, nasi tuna maombi kwa parokia. Kwanza, Halmashauri za Walei ziwatambue waamini wao walio wataalamu wa kompyuta, ziwaite, ziwasikilize. Wengi hukumbukwa tu kipaza sauti kinapolia vibaya. Akipatikana mmoja anayesukumwa na mwanasiasa atende asilotaka, au anayetishwa, ajue yuko padre na yupo mwanasheria wa Tume yetu ambaye atamfungulia mlango hata usiku wa manane.

La pili ni la jumuiya zenyewe. Katika chaguzi mbili zilizopita kituo kimoja hakikuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo fomu yake ni ya kusomeka kwa dakika chache. Jioni ya siku ya kura waende watu wawili, wasiwe wa chama kimoja, na wasimwulize mtu yeyote alimchagua nani. Mmoja asome fomu iliyobandikwa mlangoni kwa sauti, mwingine aandike katika daftari la kawaida: jina la kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea, zilizoharibika, na kama mawakala wametia sahihi. Kisha wabadilishane, aliyesoma aandike. Daftari litunzwe na katibu wa jumuiya, na nakala iletwe ofisi ya parokia kabla ya Misa ya asubuhi, nasi tutakuwa na kijana mwenye kompyuta pale atakayeilinganisha na picha itakayokuwa kwenye tovuti.