Usiiachie mashine ikuchagulie barua ya maana

Swali ninaloulizwa sana siku hizi hapa Meru, na hata nikishuka Embu, ni hili: ni programu gani ya barua pepe inayoweza kunipangia barua, za maana juu na takataka chini? Jibu langu huwa halipendezi. Programu zipo, tena nyingi, lakini usizikabidhi uamuzi wote.

Tuanze na historia kidogo. Google walitoa Priority Inbox mwezi Agosti 2010, na mwaka 2013 wakaongeza vichupo vya kutenga matangazo na barua za mitandao ya kijamii. Microsoft walinunua Acompli Desemba 2014, na mwezi uliofuata ikageuka kuwa Outlook ya simu. Apple wamefika juzi tu, Desemba 2024, na iOS 18.2. Wengine walikuja wakaondoka: Mailbox, iliyonunuliwa na Dropbox mwaka 2013, ilifungwa Februari 2016. Inbox ya Google, iliyoanza 2014, ilizimwa Aprili 2019. Waliokuwa wamezizoea wakaanza upya.

Sasa, zinafanyaje kazi? Wahandisi wa Google walieleza mfumo wao mwaka 2010. Mashine inakadiria uwezekano kwamba utaifungua au utaijibu barua fulani. Inaangalia unaandikiana mara ngapi na aliyeituma, maneno yaliyomo, na kama mazungumzo uliyaanzisha wewe. Walipowapima wafanyakazi wa Google wenyewe, muda wa kusoma barua ulipungua kwa asilimia 6. Si haba.

Lakini ndugu msomaji, tazama waliopimwa ni akina nani. Ni watu wanaoandikiana kazini kutwa nzima. Je, huku kwetu? Wengi walifungua Gmail kwa sababu simu ya Android iliwadai akaunti ya Google kabla ya kupakua programu yoyote kutoka Play Store. Kikasha chao kimejaa matangazo. Barua ya maana huja mara moja moja: risiti ya marejesho ya kodi kutoka KRA, au ujumbe kutoka Meru University of Science and Technology au University of Embu. Nyingi hutoka kwenye anwani ambayo mtu hajawahi kuiandikia, na haipokei majibu. Mashine ina makadirio ya jumla kutokana na watumiaji wengine, lakini ya kwako wewe haina. Itajifunza nini kutokana na barua moja kwa mwaka?

Na hapo ndipo hasara ilipo. Muuza vipuri wa Makutano anatakiwa kuwasilisha marejesho yake kabla ya Juni 30 kupita. Akichelewa, faini yake haipungui shilingi 2,000. Barua ikizama chini ya matangazo ya viatu, mashine haimlipii.

Kwa hiyo mimi napendekeza kanuni unazoziandika mwenyewe. Fungua Gmail kwenye kompyuta, hata ya saiba, nenda kwenye mipangilio, tengeneza kichujio. Sehemu ya mtumaji andika kra.go.ke, kisha uchague barua hiyo ipewe lebo yake na ihesabiwe muhimu daima. Fanya hivyo kwa must.ac.ke au embuni.ac.ke kama wewe ni mwanafunzi. Ni kazi ya dakika tano. Kichujio hiki hukaa kwenye seva, kwa hiyo kinafanya kazi hata simu ikiwa imezima, na hata ukisoma barua zako kupitia Thunderbird au programu nyingine. Ukimaliza, usisahau kutoka kwenye akaunti yako.

Tahadhari moja: kichujio hakimjui mwizi. Anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa. Barua ikikutaka ubofye kiungo na kuandika nywila, achana nacho, andika anwani ya tovuti mwenyewe.

Na vipi zile programu za bure zinazoahidi kukusafishia kikasha chote? Uliza zinakula nini. Mwaka 2017 ilifichuka kwamba wenye Unroll.me walikuwa wakichota habari za risiti kwenye barua za watumiaji, wakaziondoa majina na kuziuza, na Uber walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Kumpa mgeni ufunguo wa barua zako zote ili akufagilie sebule ni bei kubwa mno.

Sisemi mashine hazina maana. Kuchuja barua taka zinatushinda sote, ziachiwe kazi hiyo. Lakini kujua ni barua gani ikikosekana utaumia, hiyo ni elimu uliyo nayo wewe peke yako. Iandike iwe kanuni leo, kabla Juni haijafika.