Kidato cha Tatu na Njia ya Manamba

Mwezi huu twataka kusema juu ya vijana wetu wa nyanda za juu za Kigoma, tukianzia hapa Gwarama, wilayani Kakonko, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Kibondo mpaka wilaya ilipogawanywa mwaka 2012. Neno lenyewe ni hili: watoto huingia kidato cha kwanza kwa furaha, na kabla ya kidato cha nne viti vingine vimekwisha kuwa vitupu. Wala hawakufukuzwa. Wameaga nyumbani, wakaenda kutafuta.

Mzee wa Kiha hahitaji kufasiriwa maneno hayo, kwenda kutafuta. Zama za Waingereza kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku milimani njia za kuipata fedha zilikuwa chache mno. Vijana wakashuka mpaka Kigoma, wakapanda gari la moshi, wakaenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandika vibarua, SILABU, na nchi ya Waha ikawa kwao kama ghala la watu. Kijana akifika shambani alipewa namba, na kwa namba hiyo akajulikana. Ndiyo asili ya jina manamba. Wako waliorudi na baiskeli, na wako ambao hata habari zao hazikurudi. Hatuwalaumu wazee wale. Walisukumwa na kodi, na shule ya sekondari ya kuiacha hawakuwa nayo.

Je, huyu wa leo anasukumwa na nini? Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza mpango wake wa kuendeleza sekondari, shule za kata zimejengwa mpaka vijijini. Ada ya shule ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikaondolewa Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015. Ni kweli sare zimebaki, na madaftari, na chakula cha mchana, na kwa mwenye watoto sita hayo si mambo madogo. Lakini mimi sioni kuwa hayo peke yake ndiyo yamtoayo mtoto.

Mtazameni mtoto mwenyewe. Nyumbani husema Kiha. Shule ya msingi husomeshwa kwa Kiswahili, na baada ya miaka saba ndipo anapokizoea barabara. Kisha Januari moja huingia darasani akakuta hesabu, jiografia, elimu ya viumbe, vyote vimegeuka Kiingereza. Sisi walimu wa madrasa twaijua hali hii kuliko wengi, kwani tumeona watoto wangapi wakisoma kwa sauti nzuri jambo wasilolifahamu! Mtoto wa namna hiyo hunakili ubaoni mwaka mzima, akinyamaza. Baba hutazama daftari lililojaa akadhani mambo ni mema. Upimaji wa kidato cha pili ukija, asiyefikia alama hurudia darasa, na hapo ndipo nyumba nzima husema kwamba kichwa chake hakina kitu. Kichwa chake ni kizima, wazee wangu. Kilichomshinda ni lugha, na lugha hufundishika.

Tena kata zetu ni pana. Aliye mbali na shule hupangishiwa chumba karibu nayo, wenyewe hukiita geto, akae peke yake na gunia la unga na maharage. Mvulana wa miaka kumi na mitano katika chumba hicho hana wa kumwuliza amelala wapi, na msichana ana hatari zaidi ya hiyo. Haya nasema waziwazi: mzazi amtumaye binti yake geto, na asipite kumwona mwezi mzima, asistaajabu. Afadhali wazazi watano wakodi nyumba moja, wamweke mama mtu mzima akae nao.

Katika hali hiyo ndipo hutokea mtu kutoka mashamba ya tumbaku ya Tabora, au machimbo ya Geita, au mjumbe wa bibi wa mjini atafutaye mtumishi wa nyumbani. Hamfuati mwalimu mkuu. Humfuata baba, jioni, kwa adabu nyingi. Na neno la baba jioni hiyo lina nguvu kuliko waraka wowote wa serikali. Basi kabla ya kulitoa, na aulize. Ujira hulipwa lini? Kwenye tumbaku mara nyingi ni mwisho wa msimu, baada ya kukatwa chakula na mikopo. Nani atajibu kijana akiugua? Na kwa nini anatakiwa huyu wa kidato cha tatu, naye mtoto wa mjumbe mwenyewe yuko wapi?

Nasi tujihesabu pia. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba, wakati ambapo mvua imeshika na kila mkono watakiwa shambani. Mtahiniwa asishikishwe jembe majuma hayo, na sisi wa madrasa tusimweke darasani mpaka usiku.

Ama waliokwisha kutoka, mlango haukufungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu na mbunge wa Kasulu Mjini wakati huo, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, hata wasichana waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Wako wazazi ambao mpaka leo huwaficha mabinti hao jikoni kwa haya. Mama wa binti na aende naye kwa mkuu wa shule mapema, maana muda wa kurejea una mpaka. Aliyepitwa na muda huo, au aliyerudi kutoka mashambani amekuwa mtu mzima, aulize kwa afisa wa elimu ya watu wazima wilayani: hujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, akifaulu huruhusiwa kufanya wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.