Ugomvi wa Nyumba Uende Mlango Upi?

Kugeuza matumizi ya nyumba si jambo dogo, hasa katika Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Nyumba iliyokusudiwa kukaliwa na familia ikigeuzwa kuwa ya wageni, kila chumba kikatiwa choo na bafu, maji huingia ukutani, chokaa ikalegea na boriti zikaoza. Jirani aliyeegemea ukuta huohuo naye hana usalama.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Mara mpangaji amegeuza makaazi kuwa duka la vinyago pasi na idhini. Mara mwenye nyumba anataka kumtoa mpangaji wa miaka mingi ili afungue hoteli. Kila mmoja hukimbilia mlango anaoujua. Huyu huenda kwa sheha, yule hufungua kesi mahakama ya wilaya, na ikiwa nyumba ni ya wakfu, basi Kamisheni ya Wakfu na Kadhi nao hutajwa.

Tunawakumbusha wananchi kwamba kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kinahusu jengo, katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hakivunji mkataba wa upangaji, wala hakimpi mtu haki ya kumtoa mwenziwe. Ridhaa ya mwenye nyumba nayo haiondoi haja ya kibali.

Zito zaidi ni hili: mamlaka ya mahakama hutoka katika sheria, si katika maafikiano ya wagombanao. Hata wote wawili wakinyamaza mbele ya hakimu asiyehusika, hukumu yake ni batili, na yaweza kutenguliwa katika rufaa baada ya miaka. Aliyeshinda hujikuta anaanza upya, na pengine nyumba imekwishabomolewa ndani.

Sheria namba 7 ya 1994 iliunda Mahakama ya Ardhi ili migogoro ya ardhi ipate pahala pake. Lakini ugomvi wa masharti ya upangaji, je, ni ugomvi wa ardhi? Mawakili hubishana hapo kwanza, kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa. Na kiini chenyewe wala si kigumu. Fiqhi tuliyosomeshwa chuoni yasema mwenye kukodi hana ruhusa ya kuitumia nyumba kwa jambo lenye madhara kuliko lile walilokubaliana. Kigumu ni mlango.

Ardhi si jambo la Muungano, kwa hivyo jawabu liko katika Baraza letu la Wawakilishi. Tunaiomba Serikali ipeleke huko kifungu kitakachotaja wazi mahakama ya kusikiliza mashauri haya, na kuiwezesha kusimamisha ujenzi siku ileile shauri lifunguliwapo. Wakati huohuo, afisa anayepokea ombi la kugeuza matumizi na aulize kwanza: ndani ya nyumba hii anakaa nani, na mkataba wake uko wapi?