Asafiriye Peke Yake Naye Ahesabiwe

Mwananchi avukaye mara kwa mara baina ya Unguja na Pemba hujua kuchagua. Huuliza chombo kabla ya kuuliza nauli. Na akipata chumba, hukitaka cha katikati, tena cha chini, ambako meli haiyumbi sana. Lakini asafiriye peke yake hana mwenziwe wa kushuhudia kwamba alipanda. Shahidi wake ni orodha ya abiria.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Orodha haikutosha, hesabu ya waliopotea ikabidi itafutwe kwa maelezo ya jamaa zao. Je, asiyekuwa na jamaa wa kumtaja?

Kwa hiyo twawaomba wahusika wahakikishe kwamba tiketi haikatwi pasipo jina, kwamba vichwa vinahesabiwa kabla ya kung'oa nanga, na kwamba nakala ya orodha inabaki bandarini. Idadi iliyoruhusiwa nayo ibandikwe langoni, abiria aione na kuamua. Chumba kizuri hakimfai mtu kitu ndani ya chombo kilichoelemewa. Tahadhari kabla ya hatari.