Taifa zima huimba lahani ya Wapokomo, lakini muziki wao haujulikani

KILA Jumatatu na Ijumaa, bendera inapopandishwa katika shule za Kenya, mamilioni ya watoto huimba lahani iliyozaliwa kando ya Mto Tana. Wachache miongoni mwao wanajua hivyo. Wachache zaidi wanaweza kuutaja wimbo mwingine hata mmoja wa Wapokomo, jamii iliyoitoa lahani hiyo.

Wimbo wa taifa ulitayarishwa mwaka wa 1963, nchi ikijiandaa kupata uhuru, na jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Jopo hilo halikuazima wimbo wa kanisani wala gwaride la kijeshi kutoka Ulaya, kama yalivyofanya mataifa kadhaa. Liliteua wimbo ambao mama Mpokomo humwimbia mtoto wake ili alale, likaupangia sauti na kuutilia maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza. Upole unaosikika katika wimbo wa taifa la Kenya, ambao humshangaza mgeni aliyezoea tarumbeta na mwendo wa askari, unatokana na asili hiyo. Ni wimbo uliotungwa usimwamshe mtu.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara na unastahili sifa. Kasoro ni yaliyofuata. Lahani ilipanda hadi Ikulu, nayo jamii iliyoilea ikabaki pale pale mtoni bila ya muziki wake mwingine kutangazwa sana. Kwa miaka mingi magazeti yamekuwa yakimtaja Mzee Meza Galana wa Tana River kuhusiana na lahani hiyo, na hata tahajia ya jina lake hubadilika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Majina ya wanajopo, kwa upande wake, yameandikwa vitabuni na hayatatiziki.

Jina la Garsen lenyewe husikika jijini Nairobi kwa nadra, na mara nyingi kwa msiba. Husikika mto unapofurika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 na tena katika masika ya 2024. Lilisikika sana mwaka wa 2012, wakati mapigano baina ya Wapokomo ambao ni wakulima na Waorma ambao ni wafugaji yalipoua watu zaidi ya mia moja katika vijiji vya delta. Msafiri wa Lamu hupita karibu na mji huo akiwa amechoka na safari na vizuizi vya polisi, akiwaza atafika lini Witu. Si mahali ambapo watayarishaji wa muziki wamezoea kushukia.

Hata hivyo mtu anayetaka kuuelewa muziki huu hana budi kuanzia hapo, kwa sababu muziki wa Wapokomo umefungamana na mto. Wapokomo ni wakulima na wavuvi ambao makazi yao yamejipanga kando ya Tana, kuanzia sehemu za juu ambako wengi ni Waislamu hadi delta ya Garsen, Ngao na Golbanti ambako wamishenari waliweka vituo katika miaka ya 1880. Maji yakipanda hulisha mashamba, na yakizidi huyazoa. Katika maisha ya namna hiyo kazi nyingi hufanywa na watu wengi kwa pamoja, na wimbo huwa sehemu ya kazi: mmoja hutangulia, kundi huitikia, ngoma ikashika mwendo. Miongoni mwa ngoma zao inayotajwa zaidi ni mwaribe. Anayeijua lahani ya wimbo wa taifa pekee amesikia upande mmoja tu wa jamii hii, ule wa mama na mtoto usiku. Upande wa uwanjani, wa vishindo na majibizano, bado hajaufikia.

Uko upande wa tatu, nao ndio mzito kuliko yote. Wapokomo walikuwa na ngoma takatifu iitwayo ngadji, iliyokuwa chini ya wazee na ambayo sauti yake iliwaita watu kwenye ibada. Haikuwa ngoma ya kuchezewa wala ya kuonyeshwa kila mtu. Mnamo 1902 maofisa wa ukoloni wa Uingereza waliitwaa, na tangu 1908 imekuwa katika Makavazi ya Uingereza jijini London. Imewekwa ghalani. Wageni wanaomiminika katika kumbi za jengo hilo hawaioni. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya Wapokomo kupata fursa ya kuitazama tena, mnamo 2010 na baadaye 2016, wakati kiongozi wao wa jadi, Makorani-a-Mungase wa Saba, alipoonyeshwa ngoma iliyochukuliwa kutoka kwa wazee wake.

Sheria inayotajwa kila dai la namna hii linapozuka ni ile ya Makavazi ya Uingereza, ambayo inawazuia wadhamini kuachilia vitu vilivyomo isipokuwa kwa sababu chache mno. Ilipitishwa mwaka wa 1963. Katika mwaka ule ule ambao Kenya ilichagua sauti ya Wapokomo kuwa sauti ya taifa, Bunge la Uingereza lilikaza kufuli ya ghala lenye ngoma yao. Hakuna aliyepanga yawe hivyo, lakini mfuatiliaji wa mambo haya hawezi kuupita mwaka huo bila ya kusita.

Kwamba kufuli za aina hiyo hufunguka si jambo la kubahatisha. Mnamo Julai 2025 Bunge la Ufaransa liliidhinisha kurejeshwa nchini Côte d'Ivoire kwa Djidji Ayôkwé, ngoma kubwa ya jamii ya Ebrié iliyotwaliwa na wakoloni mnamo 1916. Ilibidi sheria mahususi itungwe kwa ajili ya ngoma moja. Karibu na nyumbani, vigango viwili vya Wamijikenda vilirudishwa Kenya kutoka Marekani mnamo 2007, na Makavazi ya Denver yakafuata baadaye kwa kurejesha vingine 30. Utafiti ulioyahusisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, uliofikia kilele kwa maonyesho ya Nairobi mnamo 2021, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makavazi ya ng'ambo. Ngadji, basi, si kisa cha pekee. Ila inatofautiana na vitu vingi vilivyo katika orodha hiyo kwa kuwa ni ala. Ilitengenezwa ili isikike, na kuitazama tu ni kuijua nusu.

Lakini ni makosa kuielekeza lawama yote London. Yako mambo ambayo yamo katika uwezo wa Kenya yenyewe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, iliitambua tamaduni kuwa msingi wa taifa, ikaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilipatikana mnamo 2016. Inalinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, nyimbo na ngoma zikiwemo. Inamtaka anayetaka kuzitumia kibiashara aombe idhini ya wenyewe kwanza. Na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista ya hazina za jamii zilizomo katika mipaka yao. Kwa maneno mengine, mtu atakayekuja kesho kuchukua wimbo wa Kipokomo kwa tangazo la biashara hawezi tena kujitetea kwamba ni wimbo wa wote na si wa mtu.

Tatizo ni kwamba sheria haiwezi kulinda kisichoandikwa. Kisa cha 2021 kilionyesha hilo. Chaneli moja ya Kenya katika YouTube ilitumia kipande cha wimbo wa taifa, ikajikuta imewekewa dai la hakimiliki kwa niaba ya kampuni ya muziki ya Uingereza. Wakenya walighadhibika, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikalazimika kueleza kwamba kampuni binafsi haiwezi kuwa mmiliki wa wimbo wa taifa. Ghadhabu ilikuwa ya haki. Lakini katika kelele zile zote, suala la nani aliyekuwa na lahani kabla ya taifa lenyewe kuwapo halikupata nafasi kubwa. Na kama wimbo unaojulikana na kila mtoto wa shule waweza kudaiwa na mgeni, wimbo wa kijiji kisichojulikana utasimamia wapi?

Majibu yapo, tena katika mto huo huo. Ukipanda na Tana kutoka Garsen utafika Garissa, ambako kundi la wanawake liitwalo Gargar, neno ambalo kwa Kisomali ni msaada, limekuwa likiimba kwa lugha yao. Wanawake hao walipata studio. Ketebul Music, taasisi ya Nairobi iliyoongozwa na Tabu Osusa, iliwarekodi na kutoa albamu yao, Garissa Express. Leo msikilizaji wa Mombasa, Kampala au Oslo anaweza kuisikiliza Garissa nyingine, isiyo ile ya taarifa za usalama. Haikuhitajika miujiza. Ilihitajika mtayarishaji aliyekubali kwamba bendi isiyo na jina nayo ina muziki. Ketebul hiyo hiyo, kwa kushirikiana na wakfu wa Abubilla wa Uingereza, ilianzisha mnamo 2011 mradi wa Singing Wells, ambao hubeba studio hadi vijijini badala ya kuwangoja wasanii wapate nauli ya kwenda mjini.

Magharibi mwa nchi, ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mnamo 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Hatua hiyo haikuleta utajiri Kakamega, lakini iliacha maandishi, picha na sauti ambazo mtoto wa mwaka wa 2060 ataweza kuzitumia kujifunza.

Wapokomo wa delta hawajapata albamu inayojulikana kitaifa kama ile ya Gargar, wala kuingia katika orodha kama ile ya isukuti. Sensa ya 2019 ilihesabu Wapokomo zaidi ya 110,000. Si jamii inayotoweka, lakini ni ndogo kiasi kwamba kizazi kimoja cha waimbaji kikipita bila ya kunaswa, pengo litaonekana. Mafuriko nayo yanawasukuma watu kambini na kwenye vijiji vipya, ambako wanaoitikia wimbo huenda wakawa hawakukua pamoja na anayeuanzisha.

Kuna wanaosema kurekodi kungoje hadi ngadji irudi, kwa kuwa heshima hutangulia biashara. Hoja hiyo inasikika vizuri lakini inapindua mambo. Ngoma ikirejeshwa Tana kesho, itahitaji watu wanaozijua nyimbo na desturi zilizokuwa zikienda nayo. Vinginevyo itatoka ghala moja na kuingia jingine. Zaidi ya hayo, dai la jamii mbele ya wadhamini wa London hupata nguvu linapoandamana na ushahidi wa muziki ulio hai.

Mazungumzo kuhusu ngadji yanahitaji Nairobi, London na mawakili. Rejista inayotajwa na sheria ya 2016 haimhitaji hata mmoja wao. Inahitaji ofisi ya utamaduni ya Kaunti ya Tana River, gari linaloweza kupita kwenye matope, kinasa sauti, mtu anayekielewa Kipokomo, na daftari la kuandika jina la kila mwimbaji na kijiji chake, kuanzia Garsen kushuka hadi Ngao na Golbanti. Ukurasa wa kwanza unaweza kuwa wa wimbo ule wa kumlaza mtoto, kwa maneno yake ya Kipokomo.