Jenga gemu yako Kenyenya, lakini mwache nyanya wa watu

Muulize mwanafunzi yeyote wa kompyuta mradi wake wa mwisho ni upi. Jibu unalijua: mfumo wa kusimamia maktaba, mfumo wa kusimamia hospitali, mfumo wa kusimamia kuku. Ukishapewa alama, hakuna anayeufungua tena. Kwa hivyo nikiskia kijana ameamua mradi wake utakuwa hatua moja tu ya gemu, ya kutembea usiku na kuskia mambo, mimi niko upande wake hata kabla sijaiona.

Shida yangu ni mahali wengi huanzia. Unafungua kazi ya kijana wa Kenyenya unakuta jumba la mbao la Marekani na theluji mpaka magotini. Buda, theluji umeionea wapi? Umelelewa kwenye vilima vya Gusii, mahali mvua haichoki kunyesha alasiri, na ukungu ukishukia majani chai huoni boda inayokuja mpaka taa yake ikumulike usoni.

Tena huo ukungu una kazi. Silent Hill ya 1999 ilijaa ukungu kwa sababu PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa wakati mmoja. Wakaficha kilicho mbali, mashine ikapumua, na mchezaji akaanza kuogopa asichokiona. Sasa wewe mwenye laptopu ya mtumba yenye memori ya gigabaiti nne, hiyo ni habari njema. Godot ni ya bure, Blender ni ya bure. Anzisha ukungu hatua kumi mbele ya mchezaji, na migomba iliyo nyuma ya hapo usiichore kabisa. Weka koroboi moja kwa dirisha la mbali. Bila mshale, bila maandishi, mchezaji ataenda huko mwenyewe. Sauti nayo ni nusu ya kazi. Rekodi mvua ikipiga mabati na simu yako, halafu ndani ya gemu ikate ghafla. Na kama kuna mzee kijijini bado anapiga obokano, muombe akupigie zile nyuzi nene zinazonguruma (na umlipe, tafadhali).

Wakenya wamejaribu gemu kitambo. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi 2007. Mwaka wa 2015 Black Division Games wakaleta Nairobi X, viumbe wa anga za mbali wakivamia jiji. Nairobi imeshapata yake.

Hapa sasa nitakuwa mkali kidogo. Ukijenga gemu ya kutisha huko Gusii, wazo la kwanza litakalokujia ni kumfanya zimwi awe nyanya mzee, anayetembea usiku na chungu chake. Usifanye hivyo. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. 2008 pia watu waliteketezwa Kisii kwa madai hayo hayo. Mara nyingi ukichimba unakuta kuna shamba mtu alikuwa analimezea mate. Kijana wa miaka kumi na tano akimkimbia huyo nyanya wako mara hamsini, akimpiga mara hamsini apate pointi, unadhani siku kelele zikianza kijijini kwake atasimama upande gani?

Geuza kamera. Mchezaji awe nyanya mwenyewe. Yuko peke yake nyumbani, mvua imekatika, ukungu umefunika migomba. Chini ya mlima inaonekana tochi moja. Halafu tatu. Halafu huwezi kuzihesabu, na zinapanda. Anaskia sauti za watu anaowajua kwa majina, mmoja aliwahi kumnywesha uji. Magoti yake hayakimbii, kwa hivyo kitufe cha kukimbia usikiweke. Jirani mmoja pekee ndiye anaweza kumfungulia mlango, na mchezaji hajui ni yupi.

Mhadhiri akisema gemu si mradi, mwekee vichwa vya sauti na uzime taa za maabara dakika kumi. Mwanga, sauti, hesabu ya mwendo wa zile tochi, yote umeandika mwenyewe. Yule wa mfumo wa kuku alinakili nusu.

Ukimaliza nitumie faili. Laptopu yangu pia ni ya gigabaiti nne.